Nimekuja kwa Dada Yako

Kwako Baba Shehe, mtani wetu,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, na ungekuwa hai ungesema Mngoni hana subira hata kwenye barua. Nimelisema mimi mwenyewe ili tuendelee na mengine.

Habari za kifo chako zilinikuta huku Madaba, zahanati, siku ya kliniki ya watoto, benchi limejaa akina mama. Kaka Deo alipiga simu mchana akasema Shehe amefariki asubuhi, anazikwa baada ya alasiri. Ninyi watu wa msikitini hamchelewi kuzika. Mpaka nipate wa kunishikia zamu, mpaka basi la kutoka Njombe lipite likiwa na nafasi, ungekuwa umeshafukiwa. Basi nikaendelea kupima watoto uzito. Sikulia, maana mtani halii. Kazi ya mtani msibani inajulikana: kuchekesha wafiwa, kukaa njiani jeneza lisipite, kuvaa nguo za marehemu na kutembea kama alivyotembea. Kwa kuwa sikupata nafasi ya kukusema mbele ya watu, nakusema hapa.

Wasiokujua nao waambiwe. Ulikuwa shehe wa msikiti mdogo wa Msamala, Myao uliyetokea Namtumbo, mfupi, na tumbo lako lilifika mahali kabla yako. Chai ulikunywa na sukari ya kutosha watu wanne. Baiskeli ulikuwa nayo, ila mara nyingi nilikuona unaikokota kuliko kuipanda. Baba yangu alikuwa katekista wetu pale Mfaranyaki, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kufundishia hata akiomba chumvi mezani. Yeye Mngoni, wewe Myao, na babu zenu walipigana sana zamani mpaka wakachoka wakawa watani. Ninyi wawili mliendeleza vita hiyo barazani kwetu.

"Babu yangu alimkimbiza babu yako mpaka akaangusha kikoi," baba alikuwa akisema.

"Alikuwa anakimbia kwenda kumpikia," ulijibu. "Mngoni akifika mahali, kwanza anauliza kama kuna chakula."

Mimi na wadogo zangu tulicheka kila mara, ingawa maneno yalikuwa yale yale.

Kamati yenu ya viongozi wa dini zote ilianza na semina, kama mambo mengi yanavyoanza. Nilimsikia baba akimsimulia mama. Ukutani kulikuwa na bango lenye maneno ya haki za binadamu na kuondoa umaskini, kulikuwa na soda na maandazi, na kila kiongozi alisimama akaeleza dini yake inasema nini juu ya maskini. Baba alisema Mungu alitajwa sana siku ile, na maskini hakuwepo hata mmoja wa kuulizwa. Padre alikuwa na vigango vingi vya kuzungukia, makanisa madogo ya vijijini, hivyo alimwachia baba nafasi yake. Ukawepo wewe, na mchungaji mmoja kijana aliyependa kuandika kila kitu. Mkaamua mtembelee nyumba, kila mmoja kwa waumini wake.

Mlirudi bila kitu. Kila nyumba aliyoingia baba, watu walikuwa wazima na Mungu alikuwa mwema. Walificha sufuria tupu wakatoa kiti. Mama mmoja jicho lilikuwa limevimba, akasema amegonga mlango. Nani atamwambia katekista kwamba mumewe anampiga, na huyo mume ndiye anayeimba besi kwenye kwaya? Kwako nako yalikuwa hayo hayo. Watu wanaweza kumficha kiongozi wao njaa ya mwezi mzima kwa sababu wanataka Ijumaa au Jumapili waweze kumtazama usoni.

Wewe ndiye uliyekuja na wazo. Ulikuwa umekaa barazani kwetu, kikombe mkononi, ukasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa: "Mtani, wewe nenda kwa wangu, mimi nije kwa wako."

"Uje ufanye nini kwa Wakatoliki?"

"Nisikilize. Mimi siwafungishi ndoa, siwanyimi komunyo, siwaziki. Hawana sababu ya kunidanganya."

"Utapewa nguruwe."

"Nitaomba chai."

Mkabadilishana hivyo. Mchungaji naye akagawiwa mitaa ya kwenu na ya kwetu, na watu wake mkawagawana ninyi. Mambo yakaanza kutoka. Mlisikia habari za baba aliyeuza mahindi yakiwa bado shambani, mabichi, kwa bei ya kutupa, kwa sababu watoto hawakuwa na cha kula mwezi wa pili. Mlisikia habari za msichana aliyetolewa shule ili akalime tumbaku ya mjomba wake. Mlimkuta mjane ambaye mashemeji walikuja wakaezua bati zote wakaondoka nazo, akawa anaishi chini ya turubai na watoto. Shauri lilipofika kwenye kamati, mlikwenda wote watatu pamoja, kanzu, kola na rozari, na mwenyekiti wa mtaa nyuma yenu. Bati zile zilirudi. Mchungaji ndiye aliyepanda kuzipigilia, kwa kuwa ninyi wazee wawili mliiogopa ngazi, ingawa mlitoa maelekezo mengi kutoka chini.

Sasa nifike kwa Shangazi Skola, maana bila yeye barua hii haina kazi.

Shangazi Skolastika ni dada wa baba, tumbo moja. Aliolewa Namtumbo na mkulima wa tumbaku. Mumewe alipofariki, ukoo ulisema nyumba na shamba ni vya ukoo, na kwa kuwa hakuzaa mtoto wa kiume hakuna wa kumwachia. Akarudi Mfaranyaki na jembe lake na furushi. Baba alimpokea vizuri. Alimpa chumba, alimpa heshima ya dada mkubwa, na hakuna siku aliyomtolea neno baya. Shangazi alilima nasi shamba la bondeni, lile lililo nyuma ya Msamala karibu na mto, na alilima kutuzidi sote. Mavuno yaliingia ghalani kwa baba. Akitaka sabuni, alimwomba baba, akapewa. Akitaka nauli ya kwenda msibani, aliomba, akapewa. Nyumbani tuliita hivyo kutunzwa.

Na baba huyo huyo, kwenye kamati, hakuna aliyemzidi kwa ukali habari za wajane zilipotajwa.

Siku uliyokuja ilikuwa Jumamosi asubuhi. Uliegemeza baiskeli kwenye ukuta, ukapiga hodi. Baba akatoka anacheka tayari.

"Karibu, mtani. Umeinusa sukari kutoka Msamala?"

"Leo sikuja kwako. Nimekuja kwa dada yako."

"Kwa Skola? Umeleta posa?"

Hukucheka. Ukasema, "Kamati ilisema nyumba za Wakatoliki wa Mfaranyaki ni zangu. Hii si nyumba ya Wakatoliki?"

Baba akageuka akatazama ndani, ukutani kwenye picha ya Bikira Maria, kama vile ndiyo iliyoulizwa. Baba alikuwa amezipita nyumba za watu wote kwa hesabu yake, na haikumjia kwamba ya kwake imo. Akakuonyesha uani kwa mkono.

Mimi nilikuwa uani naosha vyombo, na hakuna aliyenifukuza. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharage. Ulikaa kwenye kinu kilichopinduliwa ukamuuliza maswali uliyowauliza wote. Unalala wapi? Unakula nini? Hayo alijibu haraka, na kwa kumsifu baba. Kisha ukauliza, "Ukitaka kitu chako, unamwomba nani?"

Aliendelea kuchambua. Alitoa maharage mabovu, akayatupa kando, akatoa mengine. Nilidhani hakusikia.

"Naomba," akasema mwishowe. "Kwa mume niliomba. Kwa mashemeji niliomba, wakaninyima. Hapa naomba napewa, kaka yangu ni mtu mwema. Lakini Shehe, mimi nalima."

Hapo, mtani, ukafanya kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine isipokuwa Myao aliye mbele ya Mngoni. Uliingiwa na huruma, na ulipoingiwa na huruma ulikimbilia utani. Ulitoka uani ukaenda barazani, ambako majirani walikuwa wamesimama kukusalimia, ukasema kwa sauti: "Sikilizeni. Nimechukua shamba la bondeni la huyu Mngoni, upande wote wa mtoni. Ni langu kwa utani wetu. Na nimeshampa Skola."

Kila mtu anajua sheria hiyo. Mtani akiingia uani kwako akabeba kuku, humkasiriki. Unacheka, kisha unasubiri zamu yako. Shamba hakuna aliyewahi kulichukua, lakini majirani walicheka mpaka wakashikana. Baba naye alicheka kwa sababu hakuwa na njia nyingine, mtani anayenuna anauaibisha ukoo. "Chukua," akasema. "Wewe na jembe mlishaachana siku nyingi, litaota magugu."

Nadhani wewe uliona umemaliza kazi.

Shangazi akatoka uani na ungo wake mkononi. Alisimama mlangoni mpaka kicheko kikapungua.

"Silitaki," akasema.

Ukamtazama. Baba akamtazama.

"Shamba la utani silitaki. Leo mmecheka. Kaka akifa, watoto wake watasema ule ulikuwa mzaha wa wazee, na kweli utakuwa mzaha. Kama mnanipa, semeni bila kucheka. Kama hamwezi, niacheni na maharage yangu."

Akarudi uani. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Hukuinywa. Ulichukua baiskeli ukaikokota hadi barabarani, na baba hakukusindikiza.

Alikasirika, unalijua hilo. Alisema nyumbani kwamba shamba la babu linakwenda kwa watoto wa kiume, na binti anakula alikoolewa. Mama akamuuliza, kwa upole tu, je akifukuzwa alikoolewa? Baba alikaa siku kadhaa akila kidogo, na Jumapili mafundisho yake yalikuwa mafupi. Kisha akaenda kwako Msamala kwa miguu. Mliyozungumza siyajui yote. Aliporudi alimwambia mama hivi: "Shehe anasema kwao Kitabu kinampa binti fungu lake, watu wanalijua, na bado hawalitoi. Yeye mwenyewe ana mashamba Namtumbo na hajamtajia binti yake hata tuta moja. Anasema tusihukumiane, sote wawili ni waongo." Nilishangaa kwamba baba alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyepumzika.

Akaita wazee wa ukoo, mwenyekiti wa mtaa na kamati nzima, tukaenda bondeni. Alitembea mwenyewe mstari wa mpaka kutoka barabarani hadi mtoni, na kila baada ya hatua chache alichomeka kijiti cha mbono, maana mbono haukatai udongo na ng'ombe hawaugusi. Wewe ulichimba mashimo. Mwishoni alisimama akavua kofia. Hakucheka.

"Hili ni la Skolastika," akasema. "Ni mtoto wa baba yangu kama mimi. Mimi simpi. Ni lake."

Shangazi alitazama vijiti vile kimoja kimoja mpaka mtoni, akavuta pumzi.

"Sasa mnaweza kucheka," akasema.

Baba hakukawia. "Tazameni mashimo ya Myao haya. Miti itaota kichwa chini."

Mbono ule leo ni ukuta. Shangazi alianza na mahindi na maharage, akaongeza mboga za kuuza sokoni, kisha akajenga chumba na sebule vyake mwenyewe, bati mpya. Kamati ilipokusanya mahindi ya kuwasaidia watu wakati wa njaa, alileta gunia na akataka litajwe kuwa limetoka kwake, si kwa kaka yake. Aliacha kuomba sabuni. Mambo hayo ni madogo, na nayaandika kwa sababu kwenye semina zile maneno yalikuwa makubwa sana.

Baba alipofariki, ulikuwa umeshaanza kutumia fimbo. Kabla ya mazishi Kaka Deo alikuwa ameshaanza kuzungumza na wenzake nyuma ya nyumba kwamba bonde sasa lirudi kwa watoto, kwa vile aliyelisema hayupo. Habari hizo zilikufikia, sijui kwa mdomo wa nani, ingawa namshuku mama. Padre alikuwa tayari, vijana wameshika jeneza, na wewe ukaweka kiti chako katikati ya mlango ukakaa. Watu wakaanza kucheka, wanajua mtani amefika. Wakaleta kuku wa kukukomboa njiani.

"Kuku sitaki," ukasema. "Nataka maneno. Lakini si mimi wa kuyauliza. Skola, mimi nimekaa. Sema wewe."

Hapo niliona ulikuwa umejifunza. Shangazi akasimama mbele ya jeneza la kaka yake akamuuliza Deo, mbele ya watu wote, mpaka wa mbono ni wa nani. Deo akatazama chini, akamtazama padre, padre akatazama saa. Wewe ukajisogeza vizuri kwenye kiti kama mtu atakayelala hapo. Deo akasema: "Ni wa Shangazi." Shangazi akamwambia arudie bila kutabasamu. Akarudia.

Ukainuka, ukavua kofia, ukajifuta uso nayo. Mtani halii, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, na mimi nilikuwa karibu na mlango nikakuona. Nilikupenda sana siku ile. Sikukwambia, kwa kuwa ungenijibu kwa utani.

Baba alikuwa na nyumba moja ambayo hakuifikia. Waislamu wa Msamala walikuwa wake kwa mgao wenu, na nyumba yako imo. Niliwahi kumuuliza lini atakwenda kwako kuulizia habari za Mwanaidi, binti yako, yule aliyebaki nyumbani akakupikia na kukufulia na kukushika mkono wakati macho yalipopungua. Alisema atakwenda baada ya mavuno. Akafariki kabla. Wewe nawe ulikuwa ukisema kila mwaka kwamba utawaita watoto wote, wa kiume na Mwanaidi, uwatajie mashamba ya Namtumbo kila mtu na fungu lake. Ukafa ungali unasema.

Jana jioni Shangazi alinipigia simu. Sauti yake sasa imekuwa nyembamba, lakini hajaacha kuongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Nimetoka kwa mtani," akasema.

"Umeenda kufanya nini? Magoti yako je?"

"Bodaboda amenifikisha mlangoni. Nimevaa kofia yake. Nimechukua na fimbo yake. Nimetembea kama yeye, tumbo mbele, wanawake wamecheka mpaka wakatoa machozi. Kisha nikaenda upande wa wanaume nikapiga hodi. Wanawe wote walikuwepo kwenye mkeka, wanazungumzia mashamba. Wakasema karibu, bibi mtani. Nikawaambia leo sikuja kwenu. Nimekuja kwa dada yenu."

Nilitoka nje ya nyumba ili nisikie vizuri.

"Wakasemaje?"

"Wakacheka. Mkubwa wao akauliza nimeleta posa."

"Na wewe?"

"Nikaingia uani. Mwanaidi alikuwa anachambua mchele wa hitima. Nikamuuliza, ukitaka kitu chako, unamwomba nani?"

"Akasema nini?"

"Hajasema. Anachambua. Nimemwambia asiharakishe, shamba langu nimeshalipalilia, nina muda. Kesho narudi."

Basi ndivyo mambo yalivyo, mtani. Arobaini yako nitakuja, likizo nimeshaomba. Kuku wao sitamtaka. Nitakaa mlangoni kwako, katikati kabisa, na kiti nitakuja nacho, kile chako ulichokiacha kwetu siku ya baba.

Lala salama, Baba Shehe. Nakukumbuka kuliko utani unavyoniruhusu kusema.

Mimi mtani wako,
binti wa Katekista